Nywele Katika Bahasha ya Hoteli

Daktari aliyeniambia kwamba nywele zangu zinaweza kurudishwa alikuwa na kipara kikubwa kuliko changu. Nililiona jambo hilo, na naamini yeye pia aliona kuwa nimeliona, lakini siku ile ya kwanza hakuna aliyelitaja. Alikuwa mzee wa Kitaliano, amestaafu, aliyekuja kila mwaka mvua za masika zikishakatika na kukaa miezi mitatu katika hoteli niliyofanya kazi, Malindi. Mimi nilikuwa mtu wa mapokezi. Kwa misimu miwili nilipokea ufunguo wake asubuhi akienda kuogelea na kumrudishia adhuhuri, na hakuwahi kunitazama juu ya nyusi.

Aliyemfanya anitazame ni mwenzangu wa pale mezani, mwanamke kutoka bara aliyeteremka pwani kutafuta kazi, mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki.

"Daktari, hebu ona huyu," alimwambia asubuhi moja. "Ako na miaka ishirini na tisa na watoto wa wageni wanamwita babu. Hakuna dawa?"

Daktari aliweka taulo lake juu ya meza, akanishika kidevu kama mtu anayechagua mbuzi sokoni, akanigeuza kichwa kwenye mwanga. Akasema kwao alikuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi: huchukua nywele za kisogoni, zile zisizoanguka, akazipanda mbele. Kama nataka, tuzungumze. Nikasema sawa.

Wakati ule nilikuwa mtu wa kusema sawa. Meneja akinibadilishia zamu, sawa. Chai ikija imepoa, sawa. Sikuwa na huzuni, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi kidogo, maana nilikuwa na kila haki ya kuwa nayo. Mke wangu alikuwa amefariki mwaka mmoja na nusu nyuma, na mimi nilikuwa sijadondosha hata chozi.

Alifariki Desemba, kwa homa ya siku nne. Ilianza Jumatatu nikiwa kazini. Habari zilinifikia Alhamisi, na nilipofika nyumbani Jilore alikuwa ameshafunikwa. Mama yangu alikuwa ameketi karibu naye na kanga mkononi, akifukuza nzi. Tulikuwa tumeoana miaka minne, hatukujaliwa mtoto. Nilisimama mlangoni nikaangalia miguu yake, iliyokuwa imejitokeza chini ya shuka, nikawaza kwamba anahitaji kupakwa mafuta. Hilo tu ndilo nililowaza.

Kwetu sisi Wagiriama, mtu akifa hukaliwa hanga. Ni matanga, watu wanalala pale pale kwa siku kadhaa, wanapika, wanaimba, wanasuta walio hai na kusifu aliyekufa. Nyumbani kwetu, siku ya mwisho wafiwa walinyolewa. Hakuna aliyeachwa, si mume, si ndugu, si shangazi. Nywele zilikusanywa pamoja zikaenda kutupwa mahali pake, na kuanzia hapo mtu alihesabiwa kuwa ameshamlilia maiti wake. Akirudi shambani, kazini, popote, kichwa chake kilisema kabla ya mdomo.

Mimi sikungoja siku ya mwisho. Siku ya tatu nilimwendea Mayo, ndivyo tunavyomwita mama, nikamwambia lazima nirudi Malindi.

"Na nywele?" akaniuliza.

"Hotelini hawataki mtu wa kipara pale mezani, Mayo. Wageni hawapendi. Nikinyolewa nitafukuzwa."

Ulikuwa uongo mtupu. Meneja alinipa siku saba, na habari ya nywele hakuigusa. Sijui uongo ule niliutoa wapi. Ulitoka wenyewe, umekamilika, na wageni wake ndani. Ukweli ni kwamba nilishindwa kukaa pale nikisubiri kulia. Watu walinitazama jinsi watu wanavyotazama sufuria ya maji waliyoiinjika zamani, wanashangaa mbona haichemki. Nilijua wakinikalisha na kunishika kichwa na bado nisilie, itakuwa aibu isiyosahaulika. Basi nikakimbia.

Mayo hakubishana. Alikuwa akiiheshimu ajira kuliko nilivyostahili. Kaka yangu, aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi kule Marereni, alinyolewa kwa ajili ya mke wangu, akarudi kwenye jua lile la chumvini na kichwa kitupu. Shemeji zangu wa Tezo, alikozaliwa marehemu, walinyolewa. Mimi mume nilisimama nyuma ya meza ya mapokezi nimechana nywele na kuzitia mafuta, nikiwatakia wageni sikukuu njema.

Jambo jingine sikumwambia mtu. Tangu nioe, kichwa changu alikishughulikia mke wangu. Nikienda nyumbani siku zangu za mapumziko alinikalisha kwenye kigoda uani, akanikata kwa mkasi, akanimalizia shingoni kwa wembe. Hakuwa akisema geuka au inama. Alinisukuma kichwa kwa vidole viwili, hapa nyuma ya sikio, nami nikageuka. Mara nyingi alinisukuma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, makusudi, halafu akajifanya anaangalia kuku. Baada ya yeye kufa nilienda kwa kinyozi wa mjini, na nilimwambia atumie mkasi tu.

Mwezi wa tatu nywele zikaanza kuondoka. Zilitoka kwenye mto, kwenye kitana, kwenye kola ya shati la kazi. Zilianzia pembeni mwa paji, kisha utosini, na hadi mwaka unakwisha sehemu ya mbele yote ilikuwa wazi. Hotelini hakuna aliyejali. Meneja mwenyewe alikuwa na kipara. Niliendelea kusimama pale pale mezani na wageni waliendelea kuchukua funguo zao.

Lakini Jilore walikuwa na macho. Nilikwenda kumwona Mayo baada ya muda mrefu, nikamwamkia, akaitikia, akanitazama juu. Alikuwa akipukuchua mahindi. Alipukuchua bunzi zima kabla ya kusema.

"Kumbe kipara wanakikubali," alisema.

Nikanywa maji. Kuanzia siku hiyo kila nilipokwenda nyumbani niliona watu wanasalimiana na kichwa changu kwanza. Jirani mmoja alisema hadharani, huku akicheka, kwamba nywele nilizomnyima marehemu zimeamua kumfuata zenyewe. Hakuwa na nia mbaya. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Mayo hakucheka.

Basi hiyo ndiyo sababu nilimwambia daktari sawa. Sikutaka kupendeza wanawake, ingawa mwenzangu wa mapokezi aliamini hivyo na alikuwa ameshaanza kunitafutia mchumba kanisani kwao. Nilitaka kwenda nyumbani na kichwa kisichosema kitu.

Tulizungumza kibarazani kwake, alasiri moja nilipotoka zamu. Alitumia Kiswahili alichojifunza kwa wapishi nami Kiingereza cha hotelini. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyaelewa. Nilidhani atanisifia kazi yake. Badala yake alianza kunihoji kama karani wa polisi. Baba yangu alikuwa na nywele? Nikasema alifariki nikiwa mdogo, picha hatuna. Na wajomba? Wajomba wote wana vipara, nikasema, na kwa mara ya kwanza nikaliona jambo hilo kwa macho ya mtu mwingine. Daktari akaitikia kwa kichwa kama aliyepata alichokuwa anatafuta. Hakuna mtu aliyekuwa amenifuata kutoka kaburini kuchukua nywele. Ilikuwa ni wajomba. Nilitarajia habari hiyo initue mzigo, haikunitua.

Akaniambia tatizo la kwanza ni umri wangu. Nywele zangu zilikuwa bado zinaondoka, na hakuna ajuaye zitakomea wapi. Akipanda mbele leo, na nyuma kukaendelea kukauka, baada ya miaka kumi nitakuwa kama mtu aliyepanda mahindi ukingoni mwa shamba tu, katikati kweupe. Tatizo la pili ni kwamba nywele zetu hujipinda hadi kwenye mzizi, chini ya ngozi, na chuma chake cha kutobolea ni cha kwenda moja kwa moja. Angeweza kukata mizizi bila kujua. Akanishika mkono akapandisha shati, akatazama kovu langu la chanjo ya shuleni, akalipapasa kwa dole gumba. Akauliza kama kwetu kuna mtu mwenye kovu lililovimba likawa kama kifungo. Nikasema sijui. Akasema nikamtazame mama yangu masikioni, alipotobolewa.

"Na hata ikikubali," akasema, "haitakuwa kama zamani. Inatoka kwa vishungi. Ukisogea karibu unaviona, kama brashi. Nina wagonjwa walionibusu mikono. Nina mmoja aliyevaa kofia mpaka amezikwa."

Nilimwuliza mbona anatangaza biashara yake vibaya. Akacheka. Akasema hii si biashara, ameshastaafu, anachukia tu mtu kusema sawa haraka namna ile.

Alinishauri tujaribu vinne. Atoe vipande vinne kisogoni, kila kimoja kama tembe ya dawa, avipande mbele, halafu tusubiri. Vikiota na kovu likitulia, mwaka unaofuata akirudi tunaweza kufanya kazi nzima, vipande themanini hivi. Visipoota nitakuwa nimepoteza kidogo. Akaongeza jambo moja akiwa ameshasimama, kama mtu anayekumbusha mgeni asisahau mwavuli.

"Ila tukifanya yote, kisogo kitakuwa na alama za duara, nyingi. Nywele zitazifunika. Lakini hutaweza tena kunyoa kwa wembe maisha yako yote. Ukinyoa, zitaonekana zote."

Nikasema sawa.

Alifanya kazi hiyo katika kliniki ya rafiki yake mjini, siku ya mapumziko yangu, saa nne asubuhi. Kulikuwa na feni na kalenda. Nililala kifudifudi, akanipiga sindano ya ganzi, akaniuliza kama nasikia akinigusa. Sikusikia. Akachukua wembe akaninyoa kipande kisogoni, upana wa kiganja hivi, ili apate mahali pa kufanyia. Nilisikia sauti ya wembe lakini si wembe wenyewe. Kila alipotaka nigeuke alisema tafadhali, geuza kichwa kulia, asante, nami nikageuka. Chuma chake kilifanana na kile mafundi viatu wanachotobolea mikanda. Alipokisokota ndani nilisikia mkwaruzo, kama mtu anatembea juu ya changarawe chumba cha pili.

Katikati ya kazi ile nikakumbuka kwamba huo ndio wembe wa kwanza kugusa kichwa changu tangu mke wangu afe. Aliyeushika alikuwa Mtaliano aliyevaa glavu, na chini kwenye sakafu zilikuwapo nywele zangu, fungu dogo. Muuguzi alikuja na ufagio.

"Usizitupe," nikamwambia. "Naomba nizichukue."

Daktari aliuliza nimesema nini, muuguzi akamfasiria, naye daktari akamtazama kwa namna ya kumuuliza kama huu ni uchawi. Muuguzi, mtu wa huku huku, hakufasiri zaidi. Nilikuwa na bahasha ya hoteli mfukoni, ile yenye picha ya mnazi pembeni, nikazitia humo. Nilifurahi, au nilikuwa karibu na kufurahi kuliko siku nyingi. Niliona nimepata njia. Nywele zimenyolewa, kwa wembe, na ni zangu. Nitazipeleka nyumbani, zitupwe zinakotupwa, na lililobaki litakuwa limekwisha. Leo nikikumbuka naona ujinga wake wote, lakini siku ile niliuona kuwa ni hesabu iliyotimia.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Jilore na kofia kichwani, bandeji chini yake. Mayo alikuwa peke yake, ameketi mlangoni anachambua kunde. Nilimwamkia, nikaketi, nikampa bahasha. Alidhani ni barua, akanirudishia nimsomee. Nikamwambia afungue.

Alichungulia ndani. Akaingiza vidole viwili, akatoa uzi mmoja wa nywele akauangalia juani.

"Za nani hizi?"

"Zangu, Mayo. Zimenyolewa kwa wembe. Nimezileta zikatupwe mahali pake. Kwa ajili yake."

"Kanyoa nani?"

"Daktari. Mzungu mmoja pale hotelini."

Akaurudisha ule uzi ndani ya bahasha, taratibu, asiupoteze.

"Akimlilia nani?" akaniuliza.

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Kuku alipita, Mayo akamfukuza, kisha akainuka akanivua kofia mwenyewe. Aliiinua bandeji akayatazama matundu manne. Nilimweleza mambo yote, ya nywele kuhamishwa, ya kusubiri, ya mwaka ujao. Nilimtazama masikio wakati naeleza: matundu yake yalikuwa safi, hayana uvimbe wowote. Alisikiliza hadi mwisho, akairudisha bandeji na kuibonyeza pembeni ishike.

"Unaumwa?" akauliza.

"Hapana. Sisikii kitu."

"Najua," akasema.

Bahasha hakuipeleka nilikotaka ipelekwe. Aliingia ndani akapanda juu ya kigoda, kile kile, akaichomeka kwenye dari ya mahindi juu ya meko. Akasema itakaa hapo.

Vile vishungi vinne viliota. Kwanza nywele zake zilianguka zote, kama daktari alivyonitahadharisha, nikabaki na madoa manne. Mwezi wa nne zikaanza kuchomoza. Kisogoni makovu yalitulia, duara nne nyororo, mfano wa mahali palipodondokewa na nta. Mwenzangu wa mapokezi alizipima kwa rula kila wiki na kutangaza matokeo mbele ya wageni. Alikuwa amenipangia jinsi nitakavyozichana siku ya arusi. Nami nilivitazama kwenye kioo cha choo cha wafanyakazi, vinne, vimesimama mbali mbali kwenye ngozi tupu, nikajua kwamba jambo hili linawezekana. Halikuwa tena ndoto ya mtu. Daktari akirudi ningeweza kusema ndiyo, na mwaka ule ule ningekuwa na nywele mbele.

Alirudi masika yalipokatika. Alinitazama kwa kioo cha kukuzia, akanipiga bega kwa furaha ya fundi. Akanipa siku, Alhamisi ya wiki ya pili, vipande themanini. Nikasema sawa.

Nilikwenda Jilore Jumapili kabla ya siku hiyo, kumpa taarifa tu. Mayo alikuwa amekonda. Alikuwa na kikohozi alichokiita cha vumbi. Nilimweleza kwamba imekubali, nikainama akavigusa vile vishungi, akasema kweli zimeshika. Nilikuwa nimekwishaamua kutomweleza habari ya wembe, na nikamweleza. Nilisema itabidi nisinyolewe tena kamwe, maana matundu yataonekana.

Alikohoa, akatema mate pembeni, akafuta mdomo na kanga.

"Kamwe?"

"Kamwe, Mayo."

"Na mimi?"

Nilisema atapona, ni vumbi. Akasema hakuuliza habari ya kikohozi.

"Yule ulimnyima kwa sababu ya hoteli," akasema. "Nikakuacha. Na mimi utaninyima kwa sababu gani? Niambie sasa, niizoee."

Nataka kusema kwamba nililia hapo, ingekuwa vizuri sana. Sikulia. Ila niliona haya, haya ya kweli, iliyopanda kutoka tumboni hadi masikioni, na kwa mtu aliyekuwa hasikii kitu kwa miaka miwili na nusu hata haya ilikuwa mgeni wa kukaribishwa. Nilimwambia ule uongo. Nilimwambia kwamba hoteli haikusema chochote, kwamba nilipewa siku saba nikakaa tatu. Akasema alijua tangu siku alipoona kipara changu na bado nimevaa shati la kazi. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Alhamisi nilikwenda kibarazani kwa daktari asubuhi na mapema, kabla hajatoka. Nilimwambia sitafanya. Hakukasirika, aliniagizia kahawa. Nikamwuliza lile nililotaka kumwuliza tangu siku ya kwanza, mbona yeye mwenyewe hakujipandia.

Alipapasa kipara chake, kilichokuwa kimeungua na jua na kuanza kubanduka. Akasema wenzake walikuwa tayari kumfanyia. Alikaa mbele ya kioo akajiuliza, siku ya pili yake kitu gani kitakuwa kimebadilika nyumbani. Wakati ule mkewe alikuwa ameshamhama. Akaona atakuwa yule yule, mwenye nywele, katika nyumba ile ile.

"Na wewe?" akauliza. "Sababu yako ipi?"

Nikamwambia mama yangu hajafa bado. Alinitazama, nadhani alifikiri Kiingereza changu kimenipotea. Nilikunywa kahawa nikaenda kazini. Mwenzangu wa mapokezi hakunisemesha siku mbili, halafu akanisamehe, na yule mchumba wa kanisani aliolewa na mwalimu wa Kilifi.

Mayo aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa zaidi. Safari hii sikuambiwa baadaye; nilikuwepo. Niliomba likizo yote niliyokuwa nayo, na meneja alinipa bila kuuliza. Nililala hangani siku zote, kwenye mkeka, pamoja na kaka yangu wa Marereni na shemeji zangu wa Tezo, waliokuja ingawa hakuna aliyewalazimisha. Nilikula, nilibeba maji, niliwapokea watu. Sikulia. Watu hawakunitazama tena, walikuwa wamekwishanizoea.

Siku ya mwisho, asubuhi, shangazi yangu, dada yake baba, alikaa uani na beseni la maji na pakiti ya wembe. Tulipanga foleni. Zamu yangu ilipofika akaniambia nisubiri kidogo, akaingia ndani. Alirudi na ile bahasha. Ilikuwa nyeusi kwa moshi, ule mnazi wa pembeni hauonekani tena. Aliiweka chini, juu ya kile kitambaa kilichokuwa na nywele za kaka yangu na za wengine.

"Mama yako aliniachia maneno," akasema. "Alisema hizi zisitupwe peke yake. Zingoje zenzake."

Akaifungua akazimimina. Lilikuwa fungu dogo sana. Nikaketi kwenye kigoda. Akanilowanisha kichwa, akaanza na vile vishungi vinne vya mbele, kimoja kimoja, na nikaviona vikidondoka kwenye mapaja yangu. Halafu akafika pembeni. Hakusema geuka. Alinisukuma kichwa kwa vidole viwili, hapa nyuma ya sikio.

Sikujua kwamba sauti ile ilikuwa yangu mpaka nilipoona watu wamenyamaza. Nililia nimeinama, mate na kamasi, mabega yakiruka, na shangazi akainua wembe juu asinikate. Alingoja. Kaka yangu alisogea akasimama karibu nami bila kunigusa. Ilipita muda mrefu kabla sijaweza kuvuta pumzi kamili.

"Unamlilia mama?" shangazi akauliza, kwa upole.

Nikamwambia, "Mke wangu."

Hakushangaa. Alichovya wembe majini, akanisukuma kichwa upande wa pili, akaendelea kunyoa.